Kiatu cha Mkono cha Mwalimu Elishilia

Nyie wajukuu zangu, na watoto wa watu wengine mtakaozishika karatasi hizi, someni polepole, maana mwandiko wangu ni mbaya na mimi mwenyewe sikukaa darasani. Msitafute humu habari za baba yangu na mama yangu, wala ng'ombe wangapi walitolewa kwa nani. Hayo mmeyasikia mpaka mmeyachoka. Nawaandikia mwaka mmoja tu, mwaka niliokaa Ngarenaro kwa shangazi yangu nikiwa msichana wa miaka kumi na saba, na jambo nililolifanya mwaka huo siku ya Alhamisi, mchana kweupe, nikiwa na akili zangu timamu. Mmezoea nikiwakaripia mkidanganya hata kuhusu sukari iliyopungua kwenye kopo. Haya, leo mtajua aliyekuwa anawakaripia ni nani.

Mwezi uliopita tulimzika Mwalimu Elishilia, kule kwake Lemara. Nyie mliokwenda na mimi mliiona ile meza ya sebuleni, kitambaa cheupe, picha yake akiwa na miwani, Biblia yake na kitabu cha nyimbo, na kando kitu cheusi cha ngozi kilichojikunja kama jani la mgomba lililokauka. Vijana wawili walikuwa wamesimama hapo wanabishana. "Hiyo ni ya bondia." "Bondia gani ana vidole?" "Basi ni ya kuepulia sufuria." Mjukuu wa marehemu akawaambia ni glavu ya besiboli, bibi yake aliipenda sana, ila iliharibiwa zamani na fundi mmoja wa viatu, na bibi hakukubali itupwe. Nilisimama pale kama mtu anayeomba. Watu wakanipisha kwa heshima, wakidhani namlilia rafiki yangu. Nikanyoosha mkono nikaigusa. Ilikuwa ngumu vile vile, miaka yote hii, ngumu kama ubao wa mlango, na dole gumba lake limeingia ndani kama nilivyoliacha mimi. Fundi mmoja wa viatu. Fundi huyo alikuwa na jina lake, aliitwa Shabani, na hakuiharibu.

Nyumba ya shangazi ilikuwa ya vyumba sita, vitatu kila upande, na ukumbi katikati wenye giza ambako ulimtambua mtu kwa kikohozi chake. Shangazi alikaa chumba cha kwanza ili amwone kila anayeingia, na mimi nililala humo humo, kwenye mkeka kando ya kitanda chake. Hata usingizini alikuwa anagombeza wapangaji. Vyumba viwili vya upande wa kulia alikaa Fundi Shabani, Mrangi wa Kondoa, na mkewe Mama Zuhura, na mtoto wao Zuhura wa miaka mitano hivi. Benchi lake la kazi lilikuwa kwenye baraza ya mbele, chini ya bati, na juu ya benchi rafu ndefu ya mbao alipopanga viatu vya watu, kila kiatu kimefungwa na mwenzake kwa uzi. Alikuwa mtu mwembamba, wa maneno machache, na alipokuwa anashona alitoa ulimi kidogo pembeni ya mdomo. Chumba cha mwisho kabisa, karibu na mlango wa uani, ndiko alikopanga Mwalimu Elishilia, Mmeru wa kule juu mlimani, msichana wa miaka ishirini na miwili, mwalimu mpya, anayetembea kama ameitwa mahali.

Uani palikuwa na jiko la mabati, la kuni, la wote. Jioni tulipika kwa zamu, na huko ndiko nilikosikia maneno mengi kuliko nyumbani kwetu Ngaramtoni kwa maisha yangu yote. Elishilia alipika ndizi karibu kila siku ya Mungu. Mama Zuhura alipika ugali wa mtama na mlenda. Mimi nilipika loshoro, mahindi yangu na maziwa mgando, kama tunavyokula sisi Waarusha. "Mwalimu," Mama Zuhura alimwambia, "siku moja utaota mgomba kichwani, tuje tukate majani." Elishilia akajibu bila kugeuka, "Na wewe na mlenda wako utateleza mpaka Kondoa, na nauli usitoe." Shangazi naye alikuwa chumbani, mlango wazi, haonekani, lakini sauti yake ilifika kila mahali: "Mnaocheka, kuni ni za nani hizo?" Tukanyamaza. Tukacheka kwa pua.

Baada ya kula, kabla giza halijawa giza, Elishilia alinikalisha kwenye kizingiti cha chumba chake na kibao cha shule magotini. Hakuna aliyemwomba. Aliniona siku moja nimeshika gazeti la kufungia sukari, nimeligeuza juu chini, na kesho yake akaja na chaki. Hakunisifu hata mara moja. Nikikosea, alifuta kwa kiganja na kusema, "Tena." Nikipatia alisema, "Endelea." Hizi herufi mnazosoma hapa nilizipata pale mlangoni, mwaka ule, kwa yule niliyemdanganya. Kila ninapoandika jina la mtu kwenye kadi ya harusi, au nikisoma zaburi kanisani mkaniona mama wa maana, nakumbuka kiganja chake chenye vumbi la chaki.

Sasa hiyo glavu. Chuoni alikosomea ualimu kulikuwa na mwalimu wa kike wa Kimarekani aliyewafundisha wasichana mchezo wao wa besiboli: mmoja anarusha mpira mdogo mgumu, mwingine anaupiga kwa gongo, wengine wanaudaka kwa hizo glavu. Mama huyo alipoondoka kurudi kwao, alimwachia Elishilia glavu yake mwenyewe, ya mkono wa kushoto, ngozi ya rangi ya asali, vidole vinene vilivyofungwa kwa kamba za ngozi, na kati ya dole gumba na kidole cha shahada kamba zimesukwa kama wavu. Elishilia akawa anawafundisha watoto wa shule yake mchezo huo Jumanne na Ijumaa. Glavu moja kwa watoto arobaini. Shangazi aliiita kiatu cha mkono. "Mwalimu, hicho kiatu cha mkono, cha kulia umekiacha wapi?" Lakini Elishilia hakufanyia mzaha kitu kile. Alikitundika ukutani juu ya kitanda, mahali ambapo wengine wanaweka picha ya Yesu.

Mwezi wa tatu kamba moja ya wavu ikakatika. Aliileta barazani, akaiweka mbele ya Fundi Shabani kwa mikono miwili. Fundi akaigeuza, akaipindua, akaingiza mkono wake, akafunga na kufungua vidole. "Aliyeshona hii," alisema, "hakuwa na haraka." Siku mbili alifanya kazi hiyo peke yake, viatu vya watu vikasubiri. Alikata kamba mpya kwenye ngozi ya mbuzi, nyembamba, ndefu, akiizungusha ngozi yote kwa kisu kimoja bila kuikata katikati. Akailoweka, akaivuta, akaipaka nta. Akaichoma kwa msharasi, ile sindano ya mafundi viatu, tundu kwa tundu, akifuata njia ile ile ya yule wa kwanza. Mimi nilikuwa nimekaa hapo nachambua maharage, nikamwambia, "Fundi, huna mafuta ya kondoo? Sisi ngozi tunailainisha na ya mkia." Nilikuwa nayo kwenye kibuyu, mama alinipa. Akachovya ncha ya kidole, kidogo hivi, kama anayeonja chumvi. "Yatosha," alisema. Nikamwambia, "Hayo hayatoshi hata ukucha." Akatabasamu. "Ngozi za kwenu zimelala jikoni tangu zimezaliwa. Hii imezaliwa kiwandani. Ukiibembeleza kama ya mbuzi itakukasirikia." Niliona anajifanya. Nilikuwa mtoto wa watu waliovaa ngozi na kulalia ngozi, na yeye alizikuta sokoni.

Kamba iliposhika, Elishilia alikuwa kama mtu aliyerudishiwa mtoto. Alimsemea Fundi mema kwa mwalimu mkuu wake, na mwalimu mkuu akakubali kwamba mipira yote ya shule, na viatu vya walimu, vitakwenda kwa Shabani. Mama Zuhura aliimba siku nzima. Na mimi nikapewa kazi ya kuitunza glavu, kwa sababu mwalimu alitoka asubuhi akirudi amechoka. Nilifutwa ujinga hata katika hilo: kitambaa chenye unyevu kutoa vumbi, kisha kitambaa kikavu, mafuta mara moja kwa mwezi, tone tu, mpira uwekwe katikati ya kiganja, glavu ifungwe kwa kipande cha khanga, ilale hivyo mpaka asubuhi, ili isisahau kazi yake. Mbali na jua, mbali na moto. Nilifanya yote. Nilikuwa nikiingiza mkono wangu humo mwalimu akiwa shuleni, napiga ngumi kiganjani, pah, pah, peke yangu chumbani kwake, na mkono ule ulionekana mkubwa, mkono wa mtu anayesikilizwa.

Halafu ikaja mvua ya mwezi wa nne. Jumamosi ya wiki ile watoto wa shule moja ya Moshi walikuwa wanakuja na walimu wao kucheza na watoto wa Elishilia, mchezo wa kwanza wa namna hiyo, na mwalimu mkuu alishaalika watu. Jumanne wakiwa mazoezini mvua ikashuka kutoka mlimani bila salamu. Elishilia akafunika madaftari kwa mwili wake, watoto wakakimbia na gongo na mpira, na glavu ikabaki kwenye nyasi. Walipoikumbuka ilikuwa imekunywa maji mpaka imekuwa nzito kama mtoto mchanga. Alikuja nayo nyumbani amelowa, akaenda moja kwa moja barazani. Fundi akaikamua polepole kwa kitambaa, akajaza vitambaa vikavu kwenye vidole, akaweka mpira kiganjani, akaipandisha juu ya rafu, karibu na bati, ambako upepo unapita. "Ikauke yenyewe," alisema. "Isiguswe. Jumamosi asubuhi itakuwa na unyevunyevu, si neno, itafanya kazi." Elishilia akauliza, "Una hakika, Fundi?" Akajibu, "Nina hakika na upepo. Na mikono ya watu sina hakika."

Alhamisi ni siku ya soko Ngaramtoni. Fundi aliondoka asubuhi na mapema kwenda kununua ngozi, na alipokuwa anafunga sanduku lake la vifaa aliniambia, "Nasinyari, niangalizie baraza." Nikasema sawa. Shangazi alikuwa amekwenda kumjulia hali mgonjwa mtaa wa Sakina, Mama Zuhura anafua kwa watu. Siku hiyo baada ya mvua zote zile jua likatoka, kali. Nilipanda kwenye benchi nikaigusa glavu. Bado ilikuwa na maji. Nikahesabu: Alhamisi, Ijumaa, Jumamosi. Nikajiambia haitawahi, huyu Mrangi atamwaibisha mwalimu wangu mbele ya watu wa Moshi. Sikilizeni hapa vizuri, maana miaka mingi nilijipa udhuru kwamba nilitaka kusaidia. Kusaidia kulikuwepo. Lakini nilitaka zaidi Jumamosi ifike, glavu iwe laini kama sikio la ndama, nami niseme mbele ya wote: ni mimi, kwa mafuta ya kwetu. Nilitaka Elishilia anisifu mara moja.

Nikaishusha. Nikatoa vitambaa vya Fundi na mpira. Nikachota mafuta ya kondoo kiganja kizima, nikaipaka ndani na nje mpaka kamba zote zikang'aa, kama mama alivyopaka ngozi ya kulalia. Juu ya mafiga ya jiko letu kulikuwa na uchaga wa kukaushia kuni. Nikaiweka hapo, nikabandika makande, nikachochea. Hivyo ndivyo kwetu ngozi inavyofanywa. Moshi unaingia taratibu, mafuta yanazama, na baada ya wiki una kitu kitakachowazika wajukuu. Nilikuwa na saa chache badala ya wiki, kwa hiyo nikaongeza kuni. Kisha nikachukua ndoo kwenda bombani. Foleni ilikuwa ndefu, wanawake wawili walikuwa wanagombana nani alitangulia, na mimi nikasimama kuwasikiliza mpaka mwisho kwa sababu mmoja alikuwa na matusi mazuri. Niliporudi nilisikia harufu kabla sijafika uani. Ilikuwa harufu nzuri, na hilo ndilo lililonitisha. Ilinukia kama nyama.

Dole gumba lilikuwa limejikunja kwa ndani. Kiganja kimesinyaa, rangi ya asali imekuwa ya kahawa iliyoungua, na nilipojaribu kuifungua ikalia, kah, kama kijiti. Nikaipaka mafuta tena. Nikaikanda, nikaikalia, nikaipigapiga kwenye paja langu. Nikajaribu kuurudisha mpira kiganjani, mpira ukagoma kukaa. Makande yalishaungua chini. Nilikaa kwenye kigoda nikaishika magotini, na nilisikia nje muuza maziwa anapita anaita. Halafu nikafanya. Sikukurupuka. Niliifuta vizuri kwa kitambaa kikavu, nikarudisha vitambaa vya Fundi kila kimoja kwenye kidole chake, nikapanda kwenye benchi, nikaiweka juu ya rafu pale pale, na mpira kando yake kama uliodondoka wenyewe. Bati juu yangu lilikuwa la moto. Niliuona moto wa bati lile, na ndipo nilipojua watu watasema nini.

Elishilia na Fundi walifika karibu pamoja, alasiri, mwalimu kutoka shuleni, Fundi na mzigo wa ngozi begani. Nilikuwa nasugua sufuria. Niliwasikia wakisalimiana, nikamsikia Fundi akisema, "Hebu tuone mgonjwa wetu," kisha nikasikia anapanda benchi. Nilipotoka, Fundi alikuwa ameishika kwa mikono miwili, anaigeuza, anaipindua, kama siku ile ya kwanza, lakini ulimi wake haukuwa pembeni ya mdomo. Shangazi alikuja, Mama Zuhura akaja, jirani wa pili akasimama mlangoni. "Fundi," Elishilia alisema taratibu, "umeifanya nini?" Fundi alipanda kwenye benchi, akaweka kiganja chake kwenye bati, akakiondoa haraka. Akashuka. "Jua," alisema. "Sikufikiria litatoka. Nimeiweka chini ya bati." Elishilia akanigeukia mimi. "Nasinyari, wewe ulikuwepo kutwa. Kuna mtu aliigusa?" Shangazi alidakia kabla sijafungua mdomo. "Kama ni mtu wa chumbani kwangu, leo hii atafunga vitu vyake arudi Ngaramtoni kuchunga. Sitaki aibu na wapangaji." Nikamwangalia mwalimu wangu usoni. Nikasema, "Sikuona mtu, mwalimu." Akaniamini. Hakufikiri hata kidogo, aliniamini tu.

Jumamosi Elishilia alidaka kwa mkono uliofungwa khanga, na jioni mkono ulikuwa umevimba. Hakulia, na hakugombana. Aliacha kumsalimia Fundi, basi. Na mwalimu mkuu alipouliza, "Ni fundi gani huyo uliyetaka tumpe kazi ya shule?" alimweleza, na kazi ikaenda kwa mtu mwingine. Mtaani ilikuwa mbaya zaidi kwa sababu watu walicheka. Wakampa jina, Fundi Bati. "Fundi Bati, kiatu changu naomba usikikaange." "Fundi Bati, leo kuna jua, umepika nini?" Yeye alitabasamu, akaendelea kushona. Lakini nilimwona mara nyingi, hakuna mteja, amesimama kwenye benchi, ameweka kiganja kwenye bati, saa tano, saa saba, saa tisa, anapima. Jioni moja nilikuwa napepeta mchele ukumbini, mlango wao umeegeshwa, wanakula. Nikamsikia mkewe akisema, "Baba Zuhura, achana nayo, ni ngozi tu." Akasema, "Miaka kumi na mitano rafu ile ile. Ngozi haijawahi kunifanyia vile. Kuna kitu mikono yangu imesahau, Mama Zuhura, na sijui ni kipi." Kijiko kiligonga sahani. Zuhura akaomba maji. Mimi nikaendelea kupepeta, na mchele ulikuwa safi kitambo.

Mnaweza kuuliza kwa nini sikusema siku ya pili, au wiki ya pili. Nilikuwa na mistari yangu ya kusoma kila jioni pale kizingitini. Nilikuwa nimefika kwenye maneno marefu. Nikisema, mlango ule unafungwa na mimi narudi kwa mbuzi. Kila jioni nilikaa pale nikasoma kwa sauti, na barazani sauti ya nyundo ya Fundi ikapungua, ikapungua. Kufika mwezi wa kumi na moja walifunga vyombo vyao. Fundi alikuja kutuaga. Mimi nilimwamkia, "Shikamoo, Fundi," akasema, "Marahaba, binti. Usome." Neno hilo moja. Wengine wanabeba matusi waliyotukanwa maisha yao yote. Mimi nimebeba hilo.

Sasa narudi Lemara, msibani. Baada ya ile meza nilitoka nyuma ya nyumba walikokuwa wanawake wanamenya ndizi za machalari. Nikapewa kisu na kiti. Mbele yangu alikaa mama mnene mwenye hijabu ya bluu, anamenya haraka kuliko wote, anachekesha watu. Aliponiangalia mara ya tatu akasema, "Shikamoo, dada Nasinyari. Hunikumbuki. Mimi Zuhura, wa Ngarenaro, ulikuwa unanibeba mgongoni." Tukashikana mikono yenye utomvu. Alimjua marehemu kwa sababu Elishilia alimfundisha hesabu shule ya msingi miaka ya baadaye, wala hakumwambia mtoto neno baya juu ya baba yake. Nikauliza habari za wazazi. Mama alitangulia, baba akamfuata, miaka mingi sasa. "Alihamia soko la Kilombero, hapa hapa mjini, akawa anashona katambuga, viatu vya matairi ya magari. Ngozi hakuigusa tena. Tulimletea mkoba wa ngozi, akaurudisha. Alikuwa anasema mpira hauna siri." Wanawake wakacheka, naye akacheka nao. "Mpaka anaumwa, dada, unaamini? Amelala hospitali, ananiuliza: Zuhura, wewe umesoma, bati likipigwa na jua la Arusha linaweza kufika moto wa kukaanga ngozi yenye maji? Nikamwambia baba, sijui. Akasema, mimi nimepima, haifiki. Akasema, basi ilikuwa nini?"

Aliniangalia, maana nilikuwepo mwaka ule, kama mtu anayetegemea nitaongeza neno. Kisu kilikuwa mkononi, ndizi mkononi. Nikasema, "Mzee alikuwa mtu mwema." Nikaendelea kumenya. Nina miaka zaidi ya sabini, shangazi yangu yuko kaburini, hakuna wa kunirudisha Ngaramtoni, mwalimu wangu amelala sebuleni ndani ya sanduku, na nikafanya tena lile lile.

Wiki tatu sikulala vizuri, nanyi mkadhani ni shinikizo la damu, mkaniletea vidonge. Jumapili iliyopita baada ya ibada niliwaita wote sebuleni nikawaambia haya niliyoyaandika hapa, kwa mdomo wangu. Mkwe wangu akasema, "Mama, ni mambo ya miaka hamsini, wenyewe wameshakufa. Wewe tubu kwa Mungu, Mungu anasikia." Nikamwambia Mungu aliona siku ile ile, hakuhitaji kuambiwa na mimi. Zuhura hakuona, na Zuhura hajafa. Kijana wa mwisho akasema, "Koko," kama mnavyoniita bibi yenu, "si umpigie simu tu?" Nikamtazama mpaka akaangalia chini.

Kisha nikawapa amri, na naiandika ili asiwepo wa kusema hakusikia. Jumamosi saa nne asubuhi tunakwenda kwa Zuhura, watu wote wanaolala chini ya paa hili, mmeoga, mmevaa nguo za kanisani, simu mmeziacha nyumbani. Mtakaa chini, hata kama viti vipo. Atawaita ndugu zake, nami nitasema mbele yao na mbele yenu kwamba baba yao hakusahau kitu, mikono yake ilikuwa mizima, na nani aliichoma ngozi ile na kwa moto gani. Nikisema, mtu asinikatize, asinisaidie neno, na asithubutu kusema bibi ni mzee, anachanganya mambo. Zuhura akitaka kutufukuza, mtasimama mtoke kimya, na hakuna atakayemjibu.